Mwongozo kamili wa kuwabakisha wauguzi kwenye kitengo cha kusafisha damu

Hospitali inapata mashine za dayalisisi, yaani za kusafisha damu ya mgonjwa ambaye figo zimeshindwa kazi. Wauguzi wanateuliwa, wanapelekwa Muhimbili au hospitali nyingine kubwa kujifunza, wanarudi, utepe unakatwa. Mwaka wa pili ukifika, kati ya wale waliofundishwa amebaki mmoja, naye yuko hoi. Hospitali inateua wengine, inawapeleka, na mambo yanajirudia.

Mainchaji wengi, yaani wauguzi wakuu wa vitengo, huuliza wafanyeje, na karibu wote wameshajaribu dawa zilezile: kikao cha kuombana uvumilivu, fulana za Siku ya Wauguzi Duniani ile Mei 12, na barua ya kuomba wizara iongeze mishahara. Fulana hazina ubaya. Ila hazimbakishi mtu.

Mshahara wa mtumishi wa umma uko kwenye ngazi za TGHS, za mishahara ya serikali kwa watumishi wa afya, na inchaji hana kalamu ya kuubadili. Mwongozo huu unashughulikia yaliyo ndani ya uwezo wa hospitali yenyewe, ambayo ni mengi kuliko wakuu wengi wanavyopenda kukiri. Umeandikwa kwa ajili ya inchaji, matroni au patroni, katibu wa afya na mganga mfawidhi wa hospitali ya rufaa, iwe ya serikali au ya dini. Mwenye ICU (chumba cha wagonjwa mahututi), wodi ya watoto wachanga au chumba cha upasuaji ataufuata vilevile, abadilishe tu majina ya vifaa.

## Mahitaji kabla ya kuanza

- Orodha ya kila mtu aliyewahi kupangwa kitengoni ndani ya miaka 3 iliyopita, pamoja na fundi wa vifaa tiba.
- Rosta za miezi 6, zile zilizobandikwa ukutani zikachorwachorwa kwa kalamu. Ile safi iliyo kwenye kompyuta ya ofisi haitakusaidia, kwa sababu haionyeshi nani alimshikia nani zamu.
- Kumbukumbu za posho: tarehe dai lilipowasilishwa na tarehe pesa ilipoingia.
- Daftari moja ambalo unaweza kulifungia kwenye droo.
- Chumba chenye mlango unaofungika.
- Ruhusa ya maandishi ya mganga mfawidhi. Usianze bila hiyo. Hatua ya pili itakugonganisha na wakuu wa wodi nyingine, na ukiwa na ruhusa ya mdomo tu utaachwa peke yako.

## Hatua ya 1: Hesabu walioondoka, na uandike walikokwenda

Chora safu tano: aliyehamishiwa wodi nyingine na hospitali yenyewe, aliyehama kituo, aliyeacha kazi, aliyekwenda masomoni, aliyestaafu au kufariki. Weka kila jina mahali pake, na tarehe.

Kila safu ina tiba yake, ndiyo maana zoezi hili linatangulia. Aliyekwenda masomoni huenda anarudi, basi kazi yako ni kuhakikisha anarudi kwako. Aliyemfuata mwenza wake Mbeya hukuweza kumzuia. Wanaokwenda Uingereza au nchi za Ghuba wanazungumzwa sana vikaoni. Ni kweli Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2023 ya nchi 55 ambazo wataalamu wake hawapaswi kufuatwa na kampeni za ajira kutoka nje, lakini muuguzi akiomba kazi mwenyewe hakuna wa kumzuia. Hata hivyo, ukimaliza kujaza jedwali, angalia kwanza safu ya kwanza. Katika hospitali nyingi hapo ndipo majina yalipojazana. Kitengo kinalia kuibiwa watu na hospitali binafsi, kumbe aliyewaondoa ni rosta ya matroni.

Kisha piga hesabu moja. Chukua waliokuwepo Julai 1, mwanzo wa mwaka wa fedha, uone wangapi kati ya hao hao bado wapo Juni 30 inayofuata. Kitengo kilichoanza na wauguzi 10 kikabaki na 6 kimebakisha asilimia 60. Walioletwa katikati ya mwaka wasiingie hapa. Ukiwaingiza, kitengo kitaonekana kimejaa wakati wazoefu wote wamekwisha.

Tahadhari: jihadhari na nafasi moja inayovuja. Ikiwa nafasi ileile imejazwa na kuachwa mara nne huku wengine wote wametulia, tatizo si la kitengo kizima. Tafuta kilicho kwenye nafasi hiyo. Huenda ni mtu anayepangwa daima zamu ya mwisho, au anayefanya kazi chini ya mzoefu mwenye ulimi mkali.

Hatua hii imekamilika pale unapoweza kumwambia mganga mfawidhi, bila kufungua daftari, ni kundi gani linaongoza.

## Hatua ya 2: Funga mlango wa mzunguko wa ndani

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, basi tutakaa kidogo.

Mzunguko wa wodi, yaani kuwahamisha wauguzi kutoka wodi moja hadi nyingine, una sababu zake na matroni si adui. Anataka wauguzi wanaoweza kusimama popote, anataka wodi nzito zisiangukie watu walewale, na saa tisa usiku wodi ya wazazi ikibaki na nesi mmoja, simu inalia kwake. Ukimwendea na hoja ya "watu wangu wasiguswe" utatoka mikono mitupu. Mwendee na hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Muuguzi mpya wa dayalisisi anahitaji miezi kadhaa kabla ya kuachwa peke yake na mashine. Anapaswa kujua kuandaa mashine, kuchoma fistula (mshipa ulioandaliwa kwa upasuaji) bila kuiharibu, kutunza kateta (mpira ulioingizwa kwenye mshipa) isiingie vijidudu, kusoma shinikizo kwenye skrini, na kutambua mgonjwa anayeporomoka presha kabla hajaanza kutapika. Gharama ya safari ya mafunzo, posho ya kujikimu, na pengo aliloacha wodini alikotoka, vyote viandike kwa shilingi. Kisha onyesha kilichopatikana: miezi mingapi alikaa kitengoni kabla ya kupelekwa wodi ya wanaume.

Baada ya hapo andika dokezo fupi, lisainiwe na mganga mfawidhi. Liwe na mambo haya:

1. Muuguzi aliyefundishwa kazi ya kusafisha damu hatazungushwa kabla ya miaka 3, isipokuwa ameomba mwenyewe au kwa hatua za kinidhamu.
2. Wodi nyingine ikizidiwa, kitengo kitamwazima mtu kwa zamu zinazohesabika, na karatasi ya kuazima itaonyesha tarehe ya kurudi.
3. Kila mwaka kitengo kitafundisha wauguzi 2 wa akiba kutoka ICU au wodi ya magonjwa ya ndani. Hao wanabaki wodini kwao, wanakuja dayalisisi mtu anapokuwa likizo.
4. Uhamisho wowote wa mtu wa kitengo, ukiwemo ule anaouomba mwenyewe kupitia ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, inchaji ataarifiwa kabla haujaidhinishwa.

Kipengele cha tatu ndicho kinachomfanya matroni akubali, kwa sababu kinampa kitu. Likizo za kitengo haziwi tena mzigo wake, na wodi zake zinapata wauguzi wenye ujuzi wa ziada.

Tahadhari: usigeuze kitengo kuwa jela. Kipengele cha "ameomba mwenyewe" kiheshimiwe kwa vitendo. Muuguzi akiomba kutoka, mpe tarehe, hata kama ni miezi 3 mbele, na tarehe ikifika mwachie. Watu hukubali kwa urahisi zaidi kuingia mahali wanapoona wenzao wanaruhusiwa kutoka. Na mtu asikoseshwe madaraka kwa kuwa "tunamhitaji hapa". Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kumfanya aandike barua ya kuacha kazi.

Dalili kwamba imefanya kazi: karatasi za kuazima zinajazwa, na walioazimwa wanarudi tarehe iliyoandikwa. Mtu wa kwanza asiporudi kwa tarehe yake, fuatilia siku hiyohiyo. Ukinyamaza mara moja, dokezo limekufa.

## Hatua ya 3: Fanya mazungumzo ya kubaki, mmoja mmoja

Hospitali nyingi humuuliza mtu kwa nini anaondoka siku anayokabidhi kitambulisho. Wakati huo hana sababu ya kusema kweli, na wewe huna la kufanya. Muulize akiwa bado yupo.

Tenga dakika 20 kwa kila mtu, mara mbili kwa mwaka, ndani ya chumba chenye mlango. Usimfuate akiwa anaandaa mashine, wala usiulize kwenye kundi la WhatsApp la kitengo, maana pale kila mtu anajibu "tuko pamoja mkuu". Maswali ni manne tu:

- Wiki iliyopita, siku gani ulitoka hapa umeudhika zaidi?
- Ukipigiwa simu kesho upewe kazi kwingine, kitu gani kingekufanya uikatae?
- Miaka 3 ijayo unataka uwe unafanya kazi gani?
- Mimi kama inchaji wako, niache nini?

Jibu la kwanza karibu daima ni la adabu. "Niko sawa tu dada, kazi ni kazi." Ukiridhika hapo umepoteza dakika 20. Kaa kimya kidogo, kisha rudi kwenye siku yenyewe.

"Sawa sista. Lakini Jumatano nilikuona umebeba viatu mkononi unatoka."

"Eeh, Jumatano. Yule mgonjwa wa mwisho alichelewa kuletwa, nikatoka saa nne na nusu usiku. Bodaboda akataka elfu saba. Na Alhamisi nilikuwa nimepangwa asubuhi, dada."

Hapo sasa umepata mambo matatu yanayorekebishika: zamu inayochelewa kufungwa, usafiri wa usiku, na mapumziko yasiyotosha. Hakuna hata moja linalohitaji kibali cha wizara.

Andika alichosema kwa maneno yake mwenyewe. Usiahidi chochote palepale. Sema tu lini utamletea jibu, na isizidi wiki 2. Jibu laweza kuwa "hili limekataliwa, na sababu ni hii". Mtu huweza kuishi na jibu hilo. Kinachomvunja moyo ni kuulizwa halafu kimya.

Tahadhari: mazungumzo haya yasichanganywe na tathmini ya utendaji kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima kazi za watumishi. Mtu anayejua unakwenda kumpa alama hawezi kukuambia uache nini. Na ukimpelekea mkuu wako jambo kutoka daftarini, lipeleke bila jina.

Mzunguko wa kwanza wa mazungumzo huwa wa kusuasua. Ukiona mzunguko wa pili watu wanakuja na mambo yao wameyaandika kwenye kikaratasi, jua wamekuamini.

## Hatua ya 4: Panga upya rosta kwa kufuata mashine inavyofanya kazi

Kipindi kimoja cha kusafisha damu ni kama saa 4, na mgonjwa wa kawaida anakuja mara 3 kwa wiki. Kati ya kipindi na kipindi kuna kumtoa mgonjwa, kubana damu mahali pa sindano mpaka ikauke, kusafisha mashine kwa dawa na kuiandaa upya. Hesabu kama saa moja. Kwa hiyo kitengo cha vipindi vitatu kinaonekana hivi:

- Kipindi cha kwanza: saa 12:30 asubuhi mpaka saa 4:30 asubuhi.
- Cha pili: saa 5:30 asubuhi mpaka saa 9:30 alasiri.
- Cha tatu: saa 10:30 jioni mpaka saa 2:30 usiku, na usafi wa mwisho mpaka saa 3:30 usiku.

Mgonjwa wa kwanza akichelewa nusu saa, mnyororo wote unasogea. Muuguzi aliyepangwa "mpaka kazi iishe" hajui atafika nyumbani saa ngapi, na kutojua huko kunachosha kuliko kazi yenyewe.

Gawanya siku kwenye zamu mbili zinazopishana: A, saa 12 asubuhi mpaka saa 8 mchana, B, saa 7 mchana mpaka saa 4 usiku. Ile saa moja ya kupishana iko katikati ya kipindi cha pili, wakati wagonjwa wametulia kwenye mashine. Kukabidhiana wakati huo kuna utulivu. Kukabidhiana wakati wa kumuunga au kumtoa mgonjwa ni kutafuta ajali, na zamu inayoondoka haitoki kwa wakati.

Kisha linganisha rosta yako na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Kati ya kumaliza zamu na kuanza nyingine pawe na mapumziko ya saa 12 mfululizo, kwa hiyo aliyetoka saa 4 usiku hawezi kupangwa zamu A kesho yake. Kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Mjamzito hapangwi usiku ndani ya miezi 2 kabla ya tarehe ya kujifungua. Mnaotaka siku ndefu za saa 12 bila kuzihesabu ziada, iwe kwa makubaliano ya maandishi, siku zisizidi 5 na saa za kawaida zibaki 45 kwa wiki. Mtumishi wa umma ana kanuni zake za utumishi pia, hivyo kaa na afisa utumishi mpitie pamoja kabla ya kubandika.

Mambo mengine ya rosta niyaseme kwa haraka. Itoke wiki 3 kabla ya mwezi kuanza. Kubadilishana zamu kuruhusiwe mradi wote wawili wasaini. Ofu isivunjwe kwa simu ya asubuhi ile ile, na ikibidi kuvunjwa, irudishwe ndani ya mwezi huohuo. Jumapili na sikukuu ziwe na daftari la zamu kwa zamu, ili Idi na Krismasi zisiwaangukie watu walewale kwa kisingizio cha dini ya mtu.

Usafiri wa zamu B usiuache kwenye huruma ya bodaboda. Kama gari la hospitali hurudisha watu wa maabara au famasi, panga wote watoke kwa wakati mmoja. Kama hakuna gari, tenga nauli kwenye bajeti ya kitengo. Ukilinganisha na gharama ya kumfundisha muuguzi mpya, nauli hiyo ni ndogo sana.

Utajua rosta imekaa sawa ukiona michoro ya kalamu ukutani inapungua mwezi hadi mwezi.

## Hatua ya 5: Zipe posho tarehe

Posho ya muda wa ziada na ya kuitwa usiku kwa dharura zinagombanisha watu na hospitali kuliko mshahara, kwa sababu mshahara unafika na posho hazifiki. Angalia kumbukumbu ulizokusanya mwanzo. Mara nyingi utakuta dai halikukwama kwa kukosa pesa. Lilikwama kwa fomu isiyosainiwa, au kwa inchaji aliyezikusanya fomu za miezi miwili akazipeleka kwa pamoja.

Anza na upande wako. Fomu zote zifungwe tarehe 25, ziwe kwa katibu wa afya tarehe 27, na nakala moja ibaki kwenye faili la kitengo. Kisha mwombe mhasibu atamke tarehe ya kulipa anayoweza kuishika, hata kama ni mbali. Bandika jedwali ubaoni: dai la mwezi fulani, limewasilishwa lini, limefikia meza ipi. Usiweke viwango vya pesa vya mtu yeyote.

Tahadhari: usitangaze kwamba kitengo "kitapata asilimia" ya mapato ya dayalisisi kabla ya uongozi na bodi kuidhinisha kwa maandishi. Ahadi ya namna hiyo ikivunjika, huenda ukapoteza hata waliokuwa wametulia.

## Hatua ya 6: Ujuzi uingie kwenye faili

Muuguzi amekaa miaka 4 anaokoa watu kwenye mashine, lakini faili lake la utumishi halina hata mstari unaosema hivyo. Tange, ile orodha ya watumishi kwa vyeo vyao, ikipitiwa anahesabiwa sawa na asiyewahi kuigusa mashine. Akiomba kazi hospitali binafsi, kule ujuzi uleule unatajwa kwenye tangazo kwa herufi nene. Unadhani atachagua wapi?

Fanya haya matatu ndani ya mwezi mmoja:

Kwanza, nakala ya cheti cha mafunzo ya kila mtu iingie kwenye faili lake, na barua ya kumpangia kitengoni iandikwe kama haipo. Wengi walipelekwa kwa mdomo.

Pili, malengo yake kwenye PEPMIS yataje kazi anayoifanya kweli. Kuandika "kuhudumia wagonjwa wodini" kwa mtu anayesimamia mashine 6 ni kumnyang'anya alama zake.

Tatu, wekeni ngazi za ndani: anayejifunza, anayejitegemea, na anayefundisha. Ziandikwe ni nini mtu lazima aweze kufanya ili apande, na apandishwe na wenzake wawili waliomwona akifanya. Haziongezi mshahara, hilo lisemwe wazi. Ila anayefundisha apate kitu kinachoonekana, kwa mfano kutangulizwa kwenye kozi na kwenye semina zenye pointi za kuhuisha leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Kuhusu mkataba wa kutumikia baada ya mafunzo, wengine huutegemea kama ndio dawa pekee. Uwe nao, mfupi, uliosainiwa kabla ya safari, unaotaja muda na fidia. Lakini muuguzi anayehesabu siku za mkataba wake ukutani ameshaondoka. Kinachosubiriwa ni tarehe tu.

## Hatua ya 7: Waondolee aibu ya kila siku

Kuna uchovu usiotokana na wingi wa kazi. Ni wa kumweleza mgonjwa aliyesafiri kutoka wilayani, miguu imevimba, hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi, kwamba leo hakuna dialaiza, kile kichujio cha damu, rudi kesho. Daktari hayupo pale mlangoni, mhasibu hayupo. Aliyepo ni nesi.

Weka kiwango cha chini cha akiba: dialaiza, mirija ya damu, sindano za fistula, heparini (dawa ya kuzuia damu isigande) na maji ya dawa ya kutosha wiki 4 kwa wagonjwa ulionao. Ikishuka hapo, oda inaandikwa siku hiyo, si siku ya kikao. Hesabu yake ni rahisi kwa kuwa wagonjwa wako wanajulikana: wagonjwa 20 mara vipindi 3 ni vipindi 60 kwa wiki, basi wiki 4 ni 240. Ongeza kidogo kwa ajili ya dharura.

Mtambo wa kuchuja maji uangaliwe kila asubuhi na matokeo yaandikwe, kwa sababu ukisimama, mashine zote zimesimama. Hapa ndipo fundi wa vifaa tiba anapoingia kwenye mwongozo wa kubakisha watu. Hospitali ina mmoja, anaitwa usiku na mchana, na hakuna anayemkumbuka kwenye hatua yoyote ya hizi. Mfanyie mazungumzo ya kubaki kama wengine, na mumpe msaidizi wa kumfundisha.

Usalama nao usiwe wa maneno. Kila anayeingia kitengoni apate chanjo ya homa ya ini aina ya B, dozi 3: siku ya kwanza, baada ya mwezi 1, na baada ya miezi 6, kisha kinga ipimwe mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho. Mgonjwa mwenye maambukizi hayo awe na mashine yake, na muuguzi anayemhudumia awe ni mwenye kinga iliyothibitishwa. Muuguzi anayeona hospitali imemchanja kabla ya kumkabidhi sindano anajua anathaminiwa.

## Hatua ya 8: Ondoa mazungumzo ya pesa mikononi mwa muuguzi

Wagonjwa hawa wanaonana na wauguzi wao mara 3 kwa wiki, miaka na miaka. Wanajuana mpaka majina ya watoto. Bima ya mmoja ikikwama, au familia ikimaliza kuuza cha kuuza, ni katili kumfanya muuguzi huyohuyo ndiye amwambie hatapanda mashine leo.

Panga kwamba mambo yote ya malipo na misamaha yanashughulikiwa na afisa ustawi wa jamii pamoja na mhasibu, siku moja kabla ya kipindi, nje ya kitengo. Muuguzi apokee orodha iliyokamilika.

Mgonjwa wa muda mrefu akifariki, kipindi kinachofuata kianze kwa dakika 10 za kukaa pamoja, wasio na cha kusema wanyamaze. Anayetaka kwenda msibani apewe ruhusa, hata wawili. Ratibu zamu zao mapema ili isionekane ni utoro. Na kiti cha marehemu kisijazwe na mgonjwa mpya mchana uleule kama orodha inaruhusu kungoja kesho.

## Hatua ya 9: Pima kila robo mwaka, na uwaage vizuri wanaoondoka

Kila baada ya miezi 3 peleka ukurasa mmoja kwenye kikao cha uongozi wa hospitali: asilimia ya waliobaki tangu Julai 1, walioazimwa na waliorudi, siku ambazo posho ilichelewa, na vipindi vilivyoahirishwa kwa kukosa vifaa. Usizidishe hapo. Ukurasa mmoja husomwa.

Hata ukifanya yote haya, wapo watakaoondoka. Akikuletea barua, usimnunie na usimwondoe kwenye kundi la WhatsApp siku hiyohiyo. Ombeni muda wa kukabidhi unaomwezesha aliye kwenye ngazi ya "anayejifunza" kusimama naye walau wiki 2 kwenye mashine. Mwandikie barua inayoeleza ujuzi wake kwa ukweli, malimbikizo yake ya posho yafuatiliwe kabla hajaondoka, na muulize kama anakubali jina lake libaki kwenye orodha ya wa akiba. Aliyekwenda hospitali binafsi ya jirani huweza kukushikia zamu za mwisho wa wiki kwa mkataba. Miaka miwili baadaye, nafasi ikitangazwa, huenda yeye ndiye wa kwanza kutuma maombi, na huyo hutahitaji kumpeleka mafunzoni.